Mpira Usifungiwe Kabatini

Hotuba ya mwalimu mkimbizi kwa wazazi, vijana na wageni, Siku ya Wakimbizi Duniani, Lobule, wilaya ya Koboko



Kamati imetupa nafasi tuseme juu ya vijana na klabu yao. Kabla hatujaendelea, tuwaondoe wazee wasiwasi. Tunaposema klabu hatusemi kile kilabu cha pombe kilicho njiani kwenda sokoni. Hicho hakihitaji hotuba, kina wanachama wa kutosha. Tunasema chama cha vijana, mahali wanapokutana siku inayojulikana, kwa kazi inayojulikana, chini ya sheria walizojiwekea wenyewe. Kazi hiyo yaweza kuwa mpira wa miguu, netiboli, kwaya, ngoma, mchezo wa kuigiza, mdahalo, bustani ya mboga au kusoma pamoja.

Tutaanza kwa kuungama, maana mwalimu anayeficha kosa lake hawezi kusahihisha daftari la mwanafunzi.

Miaka michache kabla ya ugonjwa wa korona tulikuwa na klabu. Wageni walitutembelea wakatuletea mipira miwili, filimbi moja na jezi za buluu. Siku ile vijana waliimba mpaka jua likazama. Tuliandika majina 46 katika daftari. Mwenyekiti alikuwa mwalimu, katibu alikuwa mwalimu, mtunza hazina alikuwa mwalimu. Mipira tuliifungia katika kabati ya ofisi, na ufunguo tukautia mfukoni. Tulifanya hivyo kwa nia njema, tukiogopa wizi. Lakini Jumamosi ambayo mwenye ufunguo amekwenda Koboko mjini au amekwenda matangani, hakukuwa na mchezo. Likizo ikifika, ufunguo ulikwenda likizo pamoja na mwalimu. Watoto wakarudia mpira wao wa zamani wa mifuko ya plastiki na kamba, huku mipira miwili ya ngozi imelala gizani.

Mwezi wa tatu mwaka 2020 serikali ilifunga shule zote za Uganda. Zilifunguliwa kwa madarasa yote mwezi wa kwanza mwaka 2022, yaani karibu miaka 2 baadaye. Mikusanyiko na michezo ilikatazwa kwa muda, na katazo lile lilikuwa na sababu yake. Lakini hata masharti yalipolegezwa, klabu yetu haikuamka. Ilikuwa klabu ya shule, na shule imefungwa. Ilikuwa klabu ya mwalimu, na mwalimu alikuwa shambani kwa watu akitafuta chakula cha watoto wake. Siku tulipofungua kabati tulikuta mpira mmoja umetafunwa na panya, wa pili ngozi yake inabanduka, na jezi zimekuwa kiota.

Kama tungalipoteza mipira tu, tusingalisimama hapa leo. Tuliita yale majina 46, wakaitika 19. Wengine walihama na wazazi wao, na hilo si kosa la mtu. Lakini wavulana 5 walikuwa wamevuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu upande wa Watsa, na mmoja wao, golikipa wetu, shimo lilimfunika. Wasichana 4 walikuwa na watoto mgongoni, na mkubwa wao hakuwa amefika miaka 17.

Hatusemi kwamba mpira ungaliwaokoa wote. Njaa haifukuzwi kwa filimbi. Lakini tunajiuliza mpaka leo. Kama kungalikuwa na mahali wanapoonana kila Jumamosi, mahali ambapo mtu asipoonekana mara mbili wenzake humfuata nyumbani kumwuliza, je, tusingalijua mapema? Sisi walimu wake tulipata habari za golikipa wetu baada ya kuzikwa. Wenzake waliocheza naye walijua tangu siku alipofunga mzigo, lakini hapakuwa na kikao ambacho wangesema neno hilo.

Basi tuliyojifunza tunayaleta mbele yenu, moja baada ya jingine.

KWANZA, KLABU YA VIJANA IONGOZWE NA VIJANA

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulisoma habari za Baden-Powell, yule Mwingereza aliyeanzisha chama cha skauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri nchini Kenya. Mwaka 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea. Hakuwapanga mstari mmoja mbele yake. Aliwagawa katika vikundi 4, na kila kikundi kikapewa kiongozi ambaye mwenyewe ni mvulana. Tulilijibu swali hilo vizuri katika mtihani. Kisha tukaja hapa tukashika ufunguo wenyewe.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Mwaka 1987, katika mtaa wa mabanda wa Mathare mjini Nairobi, mtu wa Kanada aitwaye Bob Munro aliwakuta watoto wakichezea mpira waliousokota wenyewe. Walipatana jambo rahisi: ninyi fanyeni kitu, nami nitafanya kitu. Mtaa ule ulijaa takataka na maji machafu yaliyoleta magonjwa. Watoto wakaanza kufagia na kuzibua mifereji, na ligi ikaanza. Katika ligi ile, timu haikupata pointi kwa kufunga magoli tu. Timu iliyotimiza zamu yake ya usafi iliongezewa pointi 6 katika msimamo. Timu hodari ya miguu lakini mvivu wa ufagio ilijikuta chini ya timu dhaifu yenye bidii. Wasichana waliingia katika ligi mwaka 1992. Kutokana na chama hicho ilizaliwa mwaka 1994 timu ya Mathare United, ambayo mwaka 2008 ilikuwa bingwa wa Kenya.

Na nyumbani hapa West Nile, nani hajui Onduparaka? Timu ya kijiji, iliyoanzishwa mwaka 2011 karibu na mji wa Arua, ilipanda mwaka 2016 mpaka Ligi Kuu ya Uganda, ikachuana na timu za Kampala. Haikuwa timu ya benki wala ya jeshi. Watu wa kijiji walisema timu hii ni yetu, wakaibeba.

Lakini vijana, tusidanganyane. Mwaka 2016 wakimbiaji 5 wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma walikimbia katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, katika timu ya kwanza ya wakimbizi, iliyokuwa na wanamichezo 10. Tuliwashangilia, na bado tunawashangilia. Hata hivyo hatuanzishi klabu ili mmoja wetu apande ndege. Tunaianzisha ili wale wote ambao hawatapanda ndege wawe na Jumamosi yao.

PILI, TUSINGOJE FULANA

Tumeona klabu nyingi zikizaliwa siku ya fulana na kufa fulana zikichakaa. Mgeni anakuja, anauliza, "Mna kikundi cha vijana?" Tunajibu ndiyo, tunaandika majina usiku, asubuhi tunapiga picha. Akiondoka, kikundi kimeondoka naye.

Ndugu zangu, mnajua kwamba tangu mwaka 2020 hata mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda umepunguzwa zaidi ya mara moja. Kama chakula kinapungua, mipira itatoka wapi? Haba na haba hujaza kibaba. Tunapendekeza kila mwanachama atoe shilingi 200 kwa juma. Wanachama 30 wakitoa, kwa mwezi ni shilingi 24,000. Asiye na shilingi atoe jembe: akate nyasi za uwanja, au amwagilie bustani ya klabu, na kazi yake iandikwe daftarini kama fedha. Kitu ulichokitolea jasho hukiachi mvuani. Mfadhili akija baadaye tutamkaribisha kwa furaha, lakini atukute tunatembea.

Fedha hizo ziwe na mambo matatu: daftari, sanduku, na watu wawili. Mmoja anatunza sanduku, mwingine anatunza ufunguo, na kila mwisho wa mwezi daftari linasomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote. Kijana anayejifunza kusoma hesabu ya shilingi 24,000 mbele ya wenzake hatadanganywa kesho katika ushirika wala katika kamati.

TATU, WENYEJI WAWE NDANI TANGU SIKU YA KWANZA

Tangu kambi hii ilipofunguliwa mwaka 2013, sisi tuliovuka kutoka Kongo tunakunywa maji ya ardhi hii. Hapa Koboko mipaka ya nchi tatu inakutana pale Salia Musala, na Wakakwa wako pande zote tatu. Wazee wenyeji walioketi hapa wanajua maana ya neno mkimbizi kuliko vitabu. Baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, vita vilipofika huku, watu wengi sana wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Wengine walikaa huko mpaka mwaka 1986. Walilima kwetu, watoto wao walicheza na baba zetu. Kwa hiyo hatukuja kwa wageni, tulikuja kwa watu tunaodaiana nao wema.

Lakini wema wa wazee haujirithi wenyewe. Vijana wa leo wanakutana penye kisima na penye kuni, na hapo ndipo maneno huanza. Klabu yetu ya kwanza iliongeza moto badala ya kuuzima. Tulipanga mchezo wa wakimbizi na wenyeji. Goli la pili likabishaniwa, mawe yakarushwa, na kwa majuma matatu akina mama zetu waliogopa kwenda kuni. Kosa lilikuwa letu tuliopanga. Ukimvalisha kijana jezi ya uraia wake, akifungwa ataona taifa lake limefungwa.

Safari hii tunapendekeza timu zichanganywe. Kila timu iwe nusu wenyeji na nusu wakimbizi, ipewe jina la mto, la mti au la ndege, lisiwe jina la nchi wala la kabila. Timu ikishindwa, washinde au washindwe pamoja. Nahodha akiwa mkimbizi, msaidizi wake awe mwenyeji. Na uwanja tuuombe kwa mwenye ardhi na kwa mwenyekiti wa LC mbele ya mashahidi, usiwe uwanja wa kunyang'anyana.

Kuna jambo jingine ambalo watoto wetu wanaweza kuwapa wenzao. Mwezi wa saba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili na kifundishwe shuleni kwa lazima. Watoto wa wenyeji wanakihitaji, watoto wetu wanacho mdomoni. Mara nyingi mtoto wetu huingia darasani akiwa nyuma kwa sababu ya Kiingereza, akacheka wenzake wanapocheka ili asionekane haelewi. Siku ya mdahalo wa Kiswahili katika klabu, huyo huyo atasimama mbele na mwenzake mwenyeji atamwuliza, "Hapa tunasemaje?" Mtoto aliyefundisha mara moja hatembei tena kichwa chini.

NNE, WASICHANA

Hapa tunasema na wazazi, tena kwa heshima. Katika majina yetu 46, wasichana walikuwa 7. Tulijisemea kwamba wasichana hawapendi michezo. Si kweli. Saa kumi alasiri, mvulana akishika njia ya uwanjani, dada yake anashika dumu la maji. Akitoka kisimani kuna mtoto wa kubeba, akimaliza kuna moto wa kuwasha. Hakukataa klabu, hakuwa na saa ya kuja.

Kwa hiyo tunawaomba akina mama na akina baba saa mbili tu kwa juma, Jumamosi, kutoka saa nane mpaka saa kumi. Siku hiyo kaka achote maji; mkono wake hautakatika. Sisi kwa upande wetu tunaahidi haya: mchezo wa wasichana uanze kwanza, jua likiwa juu, awepo mama mmoja aliyechaguliwa na akina mama wenyewe, wasichana warudi nyumbani kwa makundi, na aliyezaa asifukuzwe. Wale wanne wenye watoto mgongoni bado ni watoto wetu. Waje na watoto wao, mkeka utakuwapo chini ya mti.

TANO, SHERIA

Wapo wanaoogopa kwamba mkimbizi akiunda chama atapata matatizo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyo vya kutafuta faida. Tuzingatie maneno hayo mawili. Siasa za Kongo, za Sudan Kusini au za Uganda zisiingie uwanjani. Atakayekuja na bendera ya chama cha siasa au na maneno ya kukusanya vijana kwa ajili ya bunduki, klabu imkatae mchana kweupe na kuwaarifu viongozi. Wengi wetu tunajua jinsi kijana asiye na shughuli anavyotafutwa na watu wa namna hiyo.

Klabu iandikwe kwanza kwa Kamati ya Ustawi wa Wakimbizi na kwa ofisi ya mkuu wa kambi. Ikiwa imara, ipeleke katiba yake fupi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii, iandikishwe kama kikundi cha kijamii. Katiba isiwe ndefu. Ukurasa mmoja wenye jina, makusudi, namna ya kuchagua viongozi, mchango, na namna ya kumwondoa kiongozi asiyefaa, unatosha. Viongozi wachaguliwe kwa mwaka mmoja. Katika wanne, wawili wawe wasichana.

MAOMBI YETU

Kwa Kamati tunaomba mambo mawili: mtusaidie kupata uwanja kwa maandishi, na msiguse sanduku la vijana hata kwa kukopa. Sisi wakubwa tuna ugonjwa wa kukopa kwa wadogo.

Kwa wazazi tunaomba msimwulize mtoto, "Klabu itakupa nini?" kana kwamba ni duka. Mwulizeni, "Leo nani hakuja?" Swali hilo dogo ndilo lililotupungukia sisi.

Kwa walimu wenzetu, tukae pembeni. Tufundishe kuandika kumbukumbu, tufundishe sheria za mchezo, tupatanishe wakigombana, kisha tunyamaze. Watakosea hesabu, watachagua nahodha mbaya, watagombana juu ya filimbi. Waacheni wakosee leo kwa shilingi 200, wasije wakakosea kesho kwa mambo makubwa.

Na nyinyi vijana, hasa mliomaliza darasa la saba na hamkupata karo ya sekondari, mnaoketi barabarani mkiangalia pikipiki zinavyopita kwenda Koboko. Tunajua mnasema, "Walimu waliondoka na ufunguo." Mna haki kusema hivyo. Hatuwezi kuwapa kazi, na hatutawadanganya kwamba mpira ni kazi. Tunawapa mahali pa kujulikana. Mkiwa watu ishirini mnaojuana, mwenye kuondoka atawaaga, mwenye kuugua atatembelewa, na anayeitwa kwenda shimoni atakuwa na mtu wa kumwambia, "Ngoja kwanza tuzungumze."

Tunamaliza. Walimu wa hapa tulichanga kidogo kidogo tangu Pasaka tukanunua mpira mmoja Arua. Tumekuja nao, huu hapa. Hatukuja na kabati wala ufunguo. Chini ya mwembe ule kuna meza na daftari jipya. Mstari wa kwanza wa daftari tumeuacha wazi, nao hautajazwa. Ni wa golikipa wetu. Kuanzia mstari wa pili, njooni mjiandikishe, wavulana na wasichana, wakimbizi na wenyeji. Wakifika 20 kabla ya saa kumi na mbili, watachagua viongozi wao hapo hapo, na mpira utaondoka mikononi mwetu.

Tukiuomba tena tuufungie, msitupe.